Barua kwa mwanangu: leja ya wazee na programu yako

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Dodoma sote wazima, ila upepo wa msimu huu unatulisha vumbi hadi ndani ya sufuria.

Nianze na swali lako. Kampuni ina zaidi ya miaka arobaini, bodi imekuchukua ulete mabadiliko, umeweka programu mpya ya stoo na mauzo, na wazee wanakuitikia "sawa bosi" kisha wanarudi kuandika kwenye leja. Unauliza kama uwaondoe uanze upya na vijana.

Nasema hapana, au tuseme bado. Si kwamba nawaonea huruma, ingawa nami nimestaafu nikiwa mtunza stoo. Ni kwamba hujajua unaondoa nini.

Mwendee yule bwana unayesema ni kichwa ngumu. Usimwite ofisini, maana atakuja na majibu yaliyopigwa pasi. Kaa naye stoo, kwenye lile benchi lake, umwombe akufungulie leja. Mtunza stoo wa miaka mingi haandiki idadi peke yake. Pembeni ya mstari utakuta alama ya penseli nyekundu: dereva huyu akileta mzigo, hesabu mbele yake, madumu ya safu ya chini yanavuja, mteja huyu hulipa baada ya mavuno, usimkatie mzigo. Je, programu yako ina pa kuandika hayo? Kama haina, huyo mzee hajakataa kompyuta. Amekataa kuambiwa kwamba yote anayoyajua hayana kazi tena.

Na usidhani wasomi hawawezi kukosea hapo. Kongwa, si mbali na hapa nyumbani, Waingereza walileta mradi wa karanga mwaka 1947. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Walileta matrekta, na hata vifaru vilivyobaki vitani wakavigeuza mashine za kusafishia pori. Wataalamu walikuwapo, fedha zilikuwapo. Lakini uchunguzi wa ardhi ulikuwa wa wiki chache tu. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa mgumu, karanga hazing'oki, na mvua ya Ugogo haina ahadi. Bibi yeyote wa Kigogo aliyekuwa akilima mtama na uwele angewaeleza hilo bila malipo. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha, mamilioni ya pauni yamezama.

Sasa usinielewe vibaya ukawaachia leja mpaka kiama. Kodak, kampuni ya Marekani ya filamu za kupigia picha, walikuwa na mhandisi wao, Steven Sasson, aliyetengeneza kamera ya dijitali mwaka 1975, humo humo ndani ya kampuni. Lakini ulaji wa kampuni ulitoka kwenye filamu, na nani anataka kuua kinachomlisha? Januari 2012 waliomba mahakama iwalinde dhidi ya wadai wao. Fujifilm ya Japani waliuza filamu zile zile, ila wao ujuzi wa kemia ya filamu hawakuutupa: waliuhamishia kwenye vipodozi na mambo ya tiba. Wapo hadi leo.

Kwa hiyo tazama ulaji uko wapi hapo kwenu. Umeniandikia kwamba watu wa mauzo wanalipwa kamisheni kwa katoni zinazotoka getini. Halafu unawataka waingize kila oda kwenye simu, kazi inayowala muda na haiwaongezei hata shilingi. Hapo hata mimi ningesahau! Badili kamisheni kwanza, ihesabiwe kwa oda iliyoingia kwenye programu, uone simu zitakavyotoka mifukoni. Semina za kuhamasisha ziweke baadaye. Mimi nimehudhuria nyingi, na tulichokuwa tukingojea ni chai na posho.

Halafu kuna wewe mwenyewe. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa 1973, na chombo cha kuujenga mji, CDA, kikaundwa. Tukaishi na uamuzi huo zaidi ya miaka arobaini huku wakubwa wengi wakibaki Dar es Salaam. Mwaka 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahamia, na Septemba mwaka huo huo Waziri Mkuu Majaliwa akahama. Makamu wa Rais akafuata mwishoni mwa 2017. Mkubwa akishafungasha, wa chini yake haulizi tena kama ni kweli. Wewe je? Si umesema sekretari anakuchapia ripoti ya mauzo kila Jumatatu? Wazee wanaiona hiyo karatasi ikiingia mlangoni kwako.

Wa kuondoka watakuwapo, sikufichi. Kuna wawili watatu ambao leja kwao ni pa kufichia upungufu, na ndio watakaopiga kelele kubwa zaidi. Hao, hesabu zikikaa sawa zitawafichua zenyewe. Fuata sheria za kazi na usiwabebe. Lakini yule wa penseli nyekundu mpe kijana mmoja wafanye kazi pamoja, mzee akitaja, kijana akiingiza. Anzia stoo moja tu. Leja na programu ziende sambamba mpaka hesabu ya mali ya mwisho wa mwezi ikubaliane pande zote mbili, tena mara mbili mfululizo, ndipo uhamie stoo ya pili. Bodi wakisema unachelewa, wawekee mezani tofauti ya hesabu inavyopungua mwezi kwa mwezi. Fedha za mafunzo wasizikate; huwa ndizo za kwanza kuguswa.

Baba yako anakusalimu. Nimemsomea ujumbe wako, naye kauliza jambo moja: siku mtandao umekatika na lori liko getini linasubiri mzigo, programu yenu inafanyaje? Sikuwa na la kumjibu. Kawaulize waliokuuzia, kisha unipigie.

Mama yako