Masafa mafupi yanayotoka mbali

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Ninafundisha sayansi hapa Malindi. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi, na redio yake ya betri ilishika idhaa za Ulaya kwa "masafa mafupi". Juzi mwanafunzi kaniuliza: ikiwa masafa ni umbali, mbona hayo mafupi ndiyo yaliyotoka mbali? Na stesheni ikisema iko kwenye "masafa ya 100 FM", je, ni masafa yale yale? Tena, ni "masafa hii" au "masafa haya"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpongeze mwanafunzi wako, kwani neno hili limebebeshwa mizigo mitatu na wachache huushusha mmoja mmoja wakautazama.

Masafa tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni umbali. Nahodha akikwambia kutoka Lamu hadi Malindi kwa jahazi ni masafa marefu, umemwelewa. Watangazaji nao wakalichukua kwa umbali, ila umbali mwingine kabisa: nafasi iliyopo baina ya kilele cha wimbi na kilele cha wimbi linalolifuata. Simama gatini hapo Malindi utaiona nafasi hiyo kwa macho. Mawimbi ya redio hayaonekani, wala hayahitaji maji au hewa ya kuyabeba. Ni nguvu ya umeme na nguvu ya sumaku zinazotikisika pamoja, ndiyo maana tukaunganisha maneno mawili tukapata sumakuumeme. Lakini nafasi ile yanayo. Katika masafa mafupi ni mita 10 hadi 100, na babu yako lazima alizisikia "mita 31" na "mita 49" zikitajwa. Mita hizo ni urefu wa wimbi. Hazisemi wimbi limetoka wapi.

Kufika mbali kuna sababu yake. Mawimbi ya urefu huo yakipanda juu hukutana na tabaka la anga lenye chembe za umeme, nalo huyarudisha chini, ng'ambo ya upeo wa macho. Mawimbi ya FM kwa kawaida hulipenya tabaka hilo yakapotea angani, na yenyewe ni mafupi zaidi, kama mita 3 hivi! Jina "mafupi" lilitolewa zamani, redio ilipozoea mawimbi ya mamia na maelfu ya mita.

Mfano mzuri zaidi uko karibu nawe, Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kwenye jukwaa lililo baharini kilirushwa chombo cha kutafuta eksirei zitokazo kwenye nyota, na kwa heshima ya siku ile kikaitwa Uhuru. Eksirei ni ndugu wa mawimbi ya redio, ila urefu wake ni mdogo kuliko upana wa kijidudu chochote. Hata hivyo zilizonaswa na Uhuru zilikuwa zimesafiri maelfu ya miaka ya nuru, yaani umbali ambao nuru huukata kwa maelfu ya miaka. Kilichozizuia zisishuke hadi ufukweni ni hewa yetu, inayozimeza. Ndiyo sababu chombo kikapelekwa juu yake. Wasimulie wanafunzi wako habari hii.

Sasa "masafa ya 100 FM". Hapa neno limegeuka. Hiyo 100 ni megahezi, yaani mawimbi milioni 100 hupita kila sekunde. Mawimbi yote ya sumakuumeme, penye utupu, yana mwendo mmoja, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Basi vilele vikikaribiana, vingi zaidi vitapita. Kwa hiyo masafa yakiwa mafupi kwa maana ya babu yako, yatakuwa makubwa kwa maana ya mtangazaji wa leo. Mtoto anayeanza fizikia ataokokaje hapo? Darasani mimi nakusihi uliache neno hili. Sema urefu wa wimbi, na ile idadi ya kila sekunde iite marudio. Mtangazaji sitamsahihisha, matumizi yake yamekwisha kuota mizizi.

Na ni "masafa haya", "masafa yake", "masafa yanasikika". Hiyo "masafa hii" naisikia siku hizi hata redioni, na hiyo nitaisahihisha kila ninapoikuta.