Ukikosea kupamba nyumba ya kupanga, usikimbilie kuficha

Wapangaji wengi wa Dar es Salaam wakiharibu ukuta, wazo la kwanza ni kuficha. Rangi ikibanduka wanasogeza kabati. Msumari ukibomoa plasta wanatundika kalenda kubwa zaidi. Nimeishi nyumba za kupanga tangu nianze kujitegemea, Sinza, Tabata na sasa Mbagala, na ugomvi mwingi niliouona kati ya mpangaji na mwenye nyumba ulitokana na kitu kilichofichwa. Mara nyingi chenyewe kingerekebishwa kwa galoni moja ya rangi.

Nianze na rangi, maana ndiyo inayoliza watu. Nyumba nyingi za kupanga zimepakwa rangi ya mafuta, ukuta mzima au nusu ya chini, ili alama za mikono ya watoto zifutike kwa kitambaa. Mpangaji anahamia na ndoo yake ya rangi ya maji, anapaka juu yake moja kwa moja. Siku ya kwanza inapendeza. Jirani yangu mmoja alipaka sebule kijivu kilichoiva kwa mtindo huo. Baada ya siku chache mgongo wa kiti ukakwaruza ukuta, akashika ukingo wa rangi kwa ukucha na kuvuta. Kikatoka kipande kirefu, chembamba, kama gamba la nyoka, na chini yake krimu ya zamani inang'aa haina hata doa. Akataka kuongeza mkono wa tatu. Nikamsihi aache. Rangi ya maji haikuwa imeushika ukuta, na ukiongeza mkono mwingine juu yake unaongeza cha kubanduka.

Kilichomsaidia ni kurudi nyuma. Alikwangua yote iliyokubali kutoka, akaosha ukuta kwa sabuni, akapiga msasa mpaka ule mng'ao ukafa, akapaka praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikishia, ile inayoshika juu ya rangi ya mafuta, ndipo akarudia rangi. Msasa pigeni huku ukuta una maji na watoto wakiwa nje, kwani baadhi ya rangi za mafuta za zamani zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa wadogo. Na kabla hujanunua chochote, chovya kitambaa cheupe kwenye spiriti ya duka la dawa, sugua mahali pa kona. Kitambaa kikishika rangi na ukuta ukilainika, ni rangi ya maji. Kikibaki kisafi, ujue ni ya mafuta.

Kama shida ni kwamba rangi haikupendezi, subiri ikauke kabisa, kisha iangalie mchana na uiangalie tena usiku taa ikiwaka. Rangi mbichi haina mwonekano wake wa mwisho. Ikikauka bado huitaki, paka praima nyeupe kwanza, hasa kama ni ya kuiva. Nyeupe ya kawaida juu ya buluu itakula mikono minne na buluu bado inachungulia.

Matundu ya misumari ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Plasta zetu nyingine zina mchanga mwingi mno na saruji kidogo, hivyo msumari mmoja unaweza kung'oa bonge. Toa vumbi na kilicholegea, lowanisha tundu kidogo. Kama ni kubwa, jaza mchanganyiko wa saruji na mchanga laini. Kama ni dogo, pati ya ukutani, ile dawa ya kuzibia inayouzwa duka la rangi, inatosha. Acha ikauke, piga msasa, gusa rangi. Dawa ya meno ambayo watu wanashauriana hunywea, ikaacha kishimo. Ila tafadhali usitoboe ukuta juu au chini ya swichi na soketi, kwa sababu nyaya hupita humo ndani ya bomba zikishuka kutoka darini. Ukihisi umegusa waya, zima meini swichi, muite fundi umeme, na mpigie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Hilo halina mjadala.

Stika za foam za mfano wa matofali nazo huondoka na rangi zikivutwa kwa nguvu. Zipashe kwa drayer ya nywele ukianzia kona, gundi ilainike, uvute polepole. Inayobaki itoe kwa maji ya moto na sabuni.

Kuna kosa moja ambalo mara nyingi si lako ingawa utalaumiwa: chumvi. Ukuta unaopanda unyevu kutoka ardhini hutoa unga mweupe chini na rangi huvimba. Ukiufunika kwa rangi ya mafuta, unyevu unasukuma na malengelenge yanarudi makubwa zaidi. Upanguse kwa brashi kavu, usioshe, na umweleze mwenye nyumba, kwa kuwa tiba yake iko kwenye msingi na maji yanayotuama nje. Ndiyo maana nasisitiza kupiga picha kila ukuta siku ya kuhamia, kabla hujaingiza hata kiti, na kumtumia mwenye nyumba hapohapo WhatsApp.

Ukishaharibu, mwandikie kabla hajaona mwenyewe. Maneno yasiwe mengi: "Shikamoo mzee. Rangi niliyopaka sebuleni haijakaa vizuri. Fundi anakuja Jumamosi, nitairudisha kama ilivyokuwa. Karibu uione." Wenye nyumba niliowafahamu, hata wakali, hupoa wakiona mtu ameshapanga kurekebisha. Baadhi walitoa mabaki ya rangi yao ya awali stoo, na hiyo ni bahati kubwa, maana nyeupe ya kampuni moja haifanani na ya nyingine na kiraka kitaonekana. Kukiwa na makubaliano ya gharama kukatwa kwenye kodi, yaandikwe na wote wawili msaini kabla fundi hajaanza.

Rangi iliyobaki funga kopo vizuri, andika juu yake imepakwa chumba gani na namba ya mchanganyiko iliyobandikwa dukani. Siku ya kuhama, zungukeni nyumba nzima na mwenye nyumba mchana, mizigo ikiwa imeshatoka na kuta zote ziko wazi, kisha mkabidhi lile kopo pamoja na funguo.