Aliyekuwa akimnyima mteja maegesho ni mimi

Miaka mingi nimeuza vitambaa Biashara Street, katikati ya Nairobi, na miaka hiyo yote nimekuwa nikilalamika kwamba wateja hawana pa kupaki. Kisha mteja wangu wa zamani, mama wa Ngong aliyekuwa aje kuchukua leso za harusi ya bintiye, akanipigia simu. "Mwanangu, nimezunguka mara tatu, nimechoka. Wacha ninunue Westlands." Nikatoka mlangoni kumwangalia huku na huku. Gari lililokuwa mbele ya duka, limekaa hapo tangu saa moja na nusu asubuhi, lilikuwa langu.

Kesho yake nilikata boksi la jora nikaandika namba za magari yote niliyoyaona kutoka mlangoni, nafasi 11. Niliandika saa mbili, saa tano, saa nane na saa kumi na moja jioni. Magari 7 hayakusogea kutwa. Kati ya hayo, wenye 4 nawajua, tunasalimiana kila asubuhi: ni sisi wenye maduka.

Sisemi tuna roho mbaya. Ada ya kaunti ni ya siku nzima, kwa hiyo mama akija kwa dakika 20 analipa sawa na mimi ninayekaa saa 10. Wakati wa gavana Kidero ilipotolewa shilingi 140 ikapelekwa 300, tulipiga kelele mtaa mzima, lakini hakuna aliyeondoa gari. Mtu akishalipa anataka hela yake imtumikie mpaka jioni. Ada ikashuka, ikapanda tena, magari ni yaleyale.

San Francisco, Marekani, mwaka 2011 walianza kupandisha na kushusha bei mtaa kwa mtaa kulingana na wingi wa magari, ili kila mtaa usikose nafasi moja mbili wazi. Sisi tunalipa kwa simu, kwa namba ya gari, na kanjo, askari wa kaunti, anaikagua kwa kimashine chake. Kutoza kwa saa hakuhitaji hata kuchimba shimo la mita. Naona hilo lingesaidia kuliko zile siku zisizo na magari zilizotangazwa mwaka 2019, Jumatano na Jumamosi. Nyinyi mliziona?

Lakini hadi kaunti ibadilike, mwenye duka, anza na gari lako. Siku ya mzigo mimi nashusha kabla ya saa mbili, kisha nalipeleka kwenye maegesho ya jengo moja la mbali kidogo. Siku nyingine naliacha stesheni ya treni ya Syokimau, nashukia mjini na kupanda Moi Avenue kwa miguu. Treni ina vituko vyake, na ukichelewa ile ya jioni utabaki kuipungia mkono, ila hesabu ya mafuta na maegesho mwisho wa mwezi imenifumba mdomo.

Wewe mteja, piga simu kwanza. Mwambie muuzaji urefu na rangi, kitambaa kikatwe na kufungwa ukiwa bado njiani. Lipa kabla hujafungua mlango wa gari, na usome mara mbili namba ya gari uliyoandika. Mimi niliwahi kukosea herufi moja, nikarudi nikakuta gurudumu limefungwa mnyororo. Nikatoa meseji ya malipo kwa kiburi kabisa. Kumbe nimemlipia mtu nisiyemjua.

Yule kijana anayekupungia mkono uingie nyuma, hamsini yake mpe ukiondoka, si ukifika. Ukimpa mapema, ukirudi utamkuta mwingine anayedai alikuwa hapo tangu asubuhi. Na ufunguo usimwachie hata akikuita mzazi.

Mama wa Ngong nilimpigia wiki iliyofuata nikamwambia nafasi ya mbele ya duka siku hizi iko wazi. Nilisema mapema mno. Asubuhi ya kwanza niliyoiacha, jirani wa duka la pili aliingiza gari lake saa moja na dakika arobaini, akanishukuru kwa kumwekea. Boksi la namba bado ninalo chini ya kaunta. Nimemwonyesha, amelisoma lote, akaniuliza mbona la kwake nimeliandika kwa wino mwekundu.