Mwambie daktari kile ambacho picha haikijui

Mwezi wa saba mwaka jana nilimleta baba Mbeya mjini kutoka Chunya, kikohozi kimemkaa wiki tano. Mpaka kosta inashuka Kawetire alikuwa amejiziba mdomo kwa kola ya koti. Hospitalini wakampiga picha ya kifua, na daktari hajafika bado kompyuta ikatoa alama: 78. Kijana wa picha akasema, "Mzee, mashine inaona TB."

Baba akanyamaza. Aliugua TB mwaka 2011, akameza dawa miezi sita akamaliza, lakini kuna majirani ambao tangu hapo hawakumkaribisha tena chakula.

Mimi nikafanya kosa. Nikatoa simu, nikaieleza programu ya akili mnemba hali ya baba, ikanijibu aya nne za Kiswahili safi: ndiyo, ni TB. Ingesemaje vingine? Niliipa ile 78, sikuigusia 2011 wala miaka 12 aliyochimba dhahabu.

Daktari ndiye aliyeuliza. "Mzee, uliwahi kutibiwa kifua? Ulikuwa unafanya kazi gani?" Kisha akatugeuzia kioo cha kompyuta. Rangi nyekundu, alama ya pale mashine inaposhuku, ilikuwa imetanda juu ya pafu la kulia, palepale penye kovu la zamani.

Akatufafanulia kwamba 78 si asilimia. Programu ya hospitali inayosoma picha imefundishwa kwa picha nyingi sana, nayo hupima tu jinsi picha yako inavyofanana na za wenye TB. Ukivuka kikomo kilichowekwa, unapelekwa kupima makohozi. Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyoelekeza mwaka 2021, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea: mashine ichuje, makohozi yathibitishe. Makovu na vumbi la mgodini huweza kuichanganya.

Makohozi ya baba yakaingia GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria wa TB, na baada ya saa mbili hivi majibu yakaja: hakuna TB. (Hata GeneXpert, ukiwa umetibiwa miaka ya karibuni, huweza kunasa mabaki ya bakteria waliokwisha kufa. Kwa hiyo taja mwaka.)

Basi ukimpeleka mzee wako, beba kadi za zamani, na zaidi ya yote ile filamu ya eksirei. Ya baba tuliikuta nyuma ya kabati, mende wameshaila pembeni. Daktari akaiweka kwenye mwanga, akailinganisha na mpya: kovu lilelile, halijakua. Na usidharau mashine, maana zahanati zetu hazina bingwa wa kusoma picha, na wapo inaowabaini mapema. Ila dawa usianze wala kuacha kwa neno la simu.

Baba bado anakohoa, sasa anafuatiliwa kwa ajili ya vumbi. Juu ya daftari lake la kliniki ameandika mwenyewe kwa kalamu nene: TB 2011. MGODI MIAKA 12.