Kabla hujafungua giaboksi, soma joto lake asubuhi

Nilikuwa nimeshavuka Bahi naelekea Manyoni, spidi 80, barabara imenyooka, na mshale wa mizunguko ya injini umeganda karibu na 3,000. Kwa spidi hiyo gari langu la otomatiki huwa kwenye 2,000 hivi. Nikaachia mafuta, nikakanyaga tena, gia ya mwisho haiingii. Taa ya O/D, yaani ya hiyo gia ya mwisho, ikaanza kukonyeza. Mlima wa baada ya Kintinku, pale unapopanda ukingo wa Bonde la Ufa, niliupanda nyuma ya lori la saruji bila hata kufikiria kuovateki.

Niliporudi Dodoma mjini, fundi wa kwanza aliendesha kama mita mia mbili tu. "Mzee, giaboksi imechoka hii. Tafuta used tukufungie." Used yenyewe milioni moja na laki mbili, ufundi mbali. Nikamwambia nipe siku mbili nijipange. Ukweli nilikuwa namkimbia.

Kijana wa umeme wa magari pale Majengo ndiye aliyechomeka mashine ya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, ikaleta P0713. Namba hiyo maana yake waya wa sensa ya joto la oili ya giaboksi unaleta umeme mwingi kuliko kawaida, yaani mara nyingi kuna mahali pamekatika. P0712 ni kinyume chake: waya zimegusana au zimegusa bodi. P0711 ndiyo ya kuumiza kichwa, kwa sababu sensa inasoma, ila inasoma uongo.

Sasa sikiliza kipimo ambacho hakigharimu kitu. Laza gari usiku kucha. Asubuhi washa swichi bila kupiga stata, kisha soma joto la maji ya rejeta, la hewa inayoingia kwenye injini na la oili ya giaboksi. Yote yamelala sehemu moja, kwa hiyo yanatakiwa yalingane, tofauti ya nyuzi chache si neno. Langu, Julai, lilisoma maji 17, hewa 18, giaboksi hasi 40. Dodoma tunavaa majaketi Julai, lakini hatujafika huko! Kompyuta ya gari ikiamini oili ni barafu, inakunyima gia ya mwisho na inazuia toki (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) kufunga. Ndiyo maana gari linanguruma na kunywa mafuta. Angalizo: vifaa vingi vya bei poa vinasoma injini peke yake, kwa hiyo uliza kwanza kama kinafika kwenye giaboksi.

Hapo nikafanya kosa langu mwenyewe. Nikaona hasi 40, nikahukumu sensa. Tukafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, oili zaidi ya lita tatu ikamwagwa, tukafunga sensa nyingine. Kuwasha swichi: hasi 40 vilevile.

Kijana akaichukua ile ya zamani, akaipima ukinzani kwa multimita. Ohm 3,000 na ushee. Akaomba maji ya chai kwa mama ntilie wa jirani, akaitumbukiza kwenye kikombe. Namba ikaanza kuporomoka, elfu mbili, elfu moja, mpaka ikaingia kwenye mamia. Sensa hizi ndivyo zilivyo, joto likipanda ukinzani unashuka. Ilikuwa nzima muda wote. Mama ntilie akadai kikombe chake kikaoshwe na sabuni, na alikuwa na haki.

Tungeanza na soketi, tusingemwaga hata tone. Unachomoa soketi ya giaboksi, unaunganisha zile waya mbili za sensa, upande unaokwenda kwenye kompyuta, kwa kipande cha waya, huku mtu anaangalia mashine. Namba ikiruka kutoka hasi 40 hadi joto la kutisha, waya na kompyuta ni wazima, tatizo liko ndani ya giaboksi. Isipotikisika, usiguse sampu, fuata waya. Ila uwe na ramani ya waya za gari hilo. Ndani ya soketi hiyohiyo zinapita waya za solenoidi, zile vali za umeme zinazobadilisha gia, na ukiunganisha zisizohusika unaweza kuchoma kompyuta yenye bei ya kukufanya uikumbuke ile used.

Langu halikutikisika. Tulifuata waya mpaka chini ya kitako cha betri. Maji ya betri yalikuwa yamedondokea pale muda mrefu, ganda la waya likapasuka na shaba ikageuka unga wa kijani. Ulipovutwa ukakatikia mkononi. Tukakata sehemu mbovu, tukaunga kwa risasi ya kuchomelea, tukavalisha mpira.

Lakini usinielewe vibaya: sensa ikisema oili imechemka, usiidharau. Chomoa dipstiki unuse. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua inamaanisha sensa inasema kweli, na hapo fundi wa giaboksi ana kazi halali. Na ukijaza upya, weka aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Gari la CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia, ukilitilia hii haidroliki nyekundu ya kawaida, utakuwa umelinunulia ugonjwa.

Wiki iliyofuata nilirudi Manyoni. Asubuhi giaboksi 18, kufika Kintinku 84, mshale 2,000. Sensa ya zamani iko kwenye droo ya gari pamoja na risiti ya mpya. Fundi wa kwanza tukikutana bado ananiuliza kama ile used nimeshaipata.