Jibu: Pesa na ratiba kwenye besiboli ya Marekani

Mkuu, umeuliza kama ligi kuu ya besiboli Marekani imekuwa ya matajiri tu, na kwa nini timu za Yankees na Red Sox, mahasimu wa kundi moja, hawakutani mara nyingi kama zamani.

Pesa inasaidia, ila kombe halinunuliwi. Mwaka 2023 Mets walilipa mishahara mikubwa kuliko timu zote, wakashinda mechi 75 na kupoteza 87. Rays, wenye bajeti ndogo, walifika fainali 2020. Na baada ya Yankees wa 2000, hakuna bingwa aliyetetea taji mpaka Dodgers 2025. Hao Dodgers ndio wananitia wasiwasi kweli: ukomo wa mishahara haupo, kuna kodi tu kwa anayevuka kiwango, na tajiri analipa anasonga mbele. Mchezaji wao Ohtani alisaini dola milioni 700 kwa miaka 10, na milioni 680 kati ya hizo atalipwa mkataba ukishaisha!

Ratiba ilibadilika 2023. Kila timu sasa inacheza na nyingine zote 29, hivyo mahasimu wa kundi moja wameshuka kutoka mechi 19 hadi 13 kwa msimu. Naiunga mkono kabisa. Timu ndogo ya kundi la Yankees ilikuwa inaumia, kumkabili Yankees mara 19 huku ikigombea mtoano na wenye ratiba nyepesi.