Kushirikiana bungeni si sawa na handisheki

Ndugu, umeuliza kama chama kidogo kinachoiunga mkono serikali isiyo na wabunge wa kutosha kimeuza upinzani, kama tulivyoona hapa kwetu Kenya. Mimi naona hapana, na mfano mzuri ni Kanada. Mwaka 2021 chama cha Liberal kilipata viti 160 kati ya 338, pungufu ya nusu. Machi 2022 kikaafikiana na chama kidogo cha NDP, chenye viti 25: NDP ikilinde kwenye kura za bajeti na za imani, ambazo serikali ikishindwa huanguka, nacho Liberal kitekeleze mambo yaliyotajwa, kwanza kabisa matibabu ya meno kwa wenye kipato kidogo. Makubaliano yaliandikwa, yakachapishwa kila mtu ayasome. NDP haikuchukua hata wizara moja! Iliendelea kuihoji serikali, na Septemba 2024 ikajitoa.

Sasa tazama Nairobi. Machi 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, kiongozi wa upinzani, walisalimiana kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya Rais, ndiyo handisheki yenyewe, wengi wetu tukabaki kukisia walichokubaliana. Mwaka 2024 watu wa ODM, chama cha Raila, wakaingia barazani kuwa mawaziri wa Rais William Ruto. Na kwetu Rais huchaguliwa moja kwa moja. Mswada wake ukianguka bungeni, serikali haianguki. Kwa hiyo yule wa upinzani anayeitwa mezani hana kura ya kumtisha Rais nayo, ana cheo tu cha kupewa. Hilo ndilo linaloniuma, maana mwananchi wa Kibra au Mathare anabaki bila wa kumuulizia maswali.